Mwezi na Dunia viko umbali mmoja kutoka Jua. Kwa nini huku kuna uhai na kule hakuna?

#1 NyotaKumi

Wakuu, salaam.

Swali hili limenikaa kichwani muda mrefu. Kila nikiuliza kwa nini Mwezi hauwezi kubeba uhai, naambiwa "kwa sababu hauna hewa wala maji". Kwangu hilo si jibu. Ni sawa na kuuliza marehemu kafa na nini, ukaambiwa kafa kwa sababu hapumui.

Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Mwezi uko kilomita 384,400 tu. Maana yake hata Mwezi ukiwa upande wa mbali kabisa na Jua, tofauti yake na sisi haifiki theluthi ya asilimia moja. Joto tunalopokea sisi ndilo unalopokea wenyewe. Umri ni karibu uleule, miaka bilioni 4.5. Halafu huku kuna bahari na misitu, kule vumbi la kijivu.

Anayejua anieleze chanzo. Orodha ya vilivyokosekana ninayo tayari.

#2 kimya_kingi

Nakaa mbele kabisa. Waje wajuzi.

#3 HesabuSafi

Mleta mada, anza na uzito. Ungehitaji Miezi 81 kupata Dunia moja. Ndiyo maana kitu kikitaka kuondoka Duniani kisirudi lazima kifikie kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde, lakini Mwezini zinatosha kilomita 2.4.

Sasa hewa haijatulia hata siku moja. Ni molekuli zinazokimbia na kugongana, na zikipata joto zinakimbia zaidi. Mchana wa Mwezini, kwenye ikweta yake, ardhi inafika nyuzi 120 za Selsiasi. Kwa joto hilo molekuli ya hidrojeni ina kasi ya wastani ya kama kilomita 2.2 kwa sekunde. Yaani tayari imeshika komeo la mlango. Nitrojeni ni nzito zaidi, inakwenda kama kilomita 0.6, lakini huo ni wastani. Siku zote kuna chache zinazokimbia mara nne ya wenzake, na hizo ndizo zinazochomoka. Leo chache, kesho chache, kwa miaka bilioni nne.

Mwezi hauna hewa kwa sababu hauna nguvu ya kuishika. Mengine yote yanafuata hapo.

#4 jiwe_la_kale

Naheshimu hesabu za #3, ila anatafuta mwizi kwenye nyumba ambayo haikuwahi kuwa na mali.

Maelezo yanayokubalika na wengi kuhusu asili ya Mwezi ni kwamba gimba lenye ukubwa wa karibu Mirihi, ambalo wanasayansi huliita Theia, liliigonga Dunia changa. Vipande vilivyorushwa vilikuwa vya moto kiasi cha kuyeyuka na kugeuka mvuke, na Mwezi ukajikusanya kutoka humo. Chochote kinachopenda kuruka kwa joto, kama maji, zinki, sodiamu na potasiamu, kiliruka. Safari za Apollo, zile za Wamarekani kwenda Mwezini, zilileta kilo 382 za mawe na udongo, na mawe hayo yana upungufu mkubwa wa vitu hivyo ukilinganisha na ya Dunia. Hata zinki kidogo iliyobaki ina isotopu nzito zaidi (yaani atomi za zinki ileile zenye uzito mkubwa), kama unavyotarajia kwa kitu kilichochemshwa mpaka kilicho chepesi kikaondoka.

Kwa hiyo Mwezi ulizaliwa mkavu. Kuishika hewa kunakuja baadaye.

#5 Mpita_Njia77

Mimi nilijua kule hakuna mvutano kabisa, ndiyo maana wale wanaanga walikuwa wanaelea elea. Kama hakuna mvutano, basi uhai unakaa wapi?

#6 HesabuSafi

#5 mkuu, mvutano upo, ni sehemu moja ya sita ya wa Dunia. Wale hawakuelea, walikuwa wanaruka na kutua. Ungekuwa haupo, hata vumbi lisingerudi chini baada ya kukanyagwa.

#7 fundi_pampu

Ngoja niwape kitu ninachokiona kwa macho yangu kazini. Nashughulika na pampu za kuondoa hewa kwenye matangi. Siku moja niliweka glasi ya maji ya kawaida, ya baridi tu, ndani ya tangi lenye dirisha la kioo, nikawasha pampu. Baada ya muda maji yakaanza kuchemka. Hakuna moto, hakuna jiko, yanatokota. Niliendelea, na mvuke ulivyoondoka na joto lake, maji yaliyobaki yakaganda barafu. Yalichemka na kuganda ndani ya glasi moja.

Tangu siku ile neno "maji" nalisikia tofauti. Maji ya kutiririka yanahitaji kitu cha kuyakandamiza kutoka juu. Mgandamizo ukishuka chini ya paskali 611 (paskali ni kipimo cha mgandamizo), hata uyapashe au uyapoze vipi, hayakai majimaji. Ni barafu au mvuke, katikati hakuna kitu. Hewa yetu inakandamiza kwa paskali 101,325. Mwezini ni sifuri kwa matumizi yoyote ya maana. Ukimwaga ndoo ya maji pale, hupati tope. Utapata mvuke na barafu, na barafu nayo itakwenda zake Jua likichomoza.

Kwa hiyo mleta mada, "hakuna hewa" na "hakuna maji" si sababu mbili. Ni moja.

#8 NyotaKumi

#7 ahsante, hili ndilo nililokuwa nalitafuta. Lakini mbona tunasikia maji yamegunduliwa Mwezini?

#9 BiMwanga

Yamegunduliwa, NyotaKumi, na si mara moja. Chombo cha India, Chandrayaan-1, kilikuwa na kifaa kilichoona dalili zake, matokeo yakatangazwa 2009. Oktoba mwaka huohuo NASA waliangusha kipande cha roketi kwenye shimo la Cabeus karibu na ncha ya kusini ili kuona kitakachotimka. Katika udongo ule walikadiria karibu asilimia 5.6 ya uzito ni maji. Kisha 2020 darubini ya SOFIA, iliyokuwa inaruka ndani ya ndege, ikaona molekuli za maji kwenye kreta ya Clavius, sehemu inayopigwa na Jua.

Ila msishangilie mapema. Kile cha Clavius ni kama chupa ndogo ya maji iliyotawanywa ndani ya mita moja ya ujazo ya udongo. NASA wenyewe walisema Jangwa la Sahara lina maji mara 100 zaidi. Na barafu ya kwenye ncha imekaa kwenye mashimo ambayo Jua halijawahi kuyafikia kwa muda mrefu sana, ambako baridi inashuka chini ya nyuzi 240 chini ya sifuri. Maji yapo, lakini yamefungwa.

#10 Mpita_Njia77

Hayo mashimo ndiyo ule upande wa giza wa Mwezi?

#11 BiMwanga

Hapana, na kosa hili linarudiwa sana. Upande tusiouona unapata Jua sawasawa na huu tunaouona. Kila sehemu ina kama wiki mbili za mchana na wiki mbili za usiku. Giza la kudumu lipo ndani ya mashimo ya kwenye ncha tu, kwa sababu Jua pale linapita chini sana upeoni na kingo za shimo zinalikinga.

#12 pingamizi_halali

Nimesoma #3 na sijaridhika. Titan, mwezi wa Zohali, mvutano wa pale juu ya ardhi ni mdogo kuliko wa Mwezi wetu. Ukipima 10 Mwezini, Titan utapima 8 na kidogo. Lakini Titan ina angahewa nzito, mgandamizo wake ni kama mara moja na nusu ya wetu. Kama udogo wa mvutano ndio chanzo, Titan ilitakiwa iwe uchi pia. HesabuSafi, kazi kwako.

#13 HesabuSafi

Pingamizi zuri, lakini umeshika kipimo kisichohusika. Mvutano unaousikia miguuni ni kitu kimoja, kasi ya kuchomoka ni kitu kingine. Titan ina uzito wa karibu mara 1.8 ya Mwezi, ila imetanuka, ndiyo maana pale juu mvutano ni mdogo. Kasi ya kuchomoka Titan ni kilomita 2.6 kwa sekunde, zaidi kidogo ya Mwezi.

Halafu jambo kubwa ni baridi. Titan ni nyuzi 179 chini ya sifuri. Nitrojeni kwa baridi hiyo inakwenda kama kilomita 0.3 kwa sekunde, nusu ya kasi yake kwenye mchana wa Mwezini. Kwa hiyo nirekebishe kauli yangu ya #3: si uzito peke yake, ni uzito ukipambana na joto.

#14 pingamizi_halali

Sasa umekubali kwamba kuwa karibu na Jua, kile mleta mada alichodhani ni bahati ya Mwezi, ndicho kimeuponza. Mwezi uleule ungepelekwa kule kwenye baridi ya Zohali pengine ungekuwa na hewa. Nimeridhika nusu.

#15 jiwe_la_kale

Na nusu iliyobaki ni yangu, kwa sababu Titan iliumbwa mahali palipojaa barafu. Ilikuwa na cha kushika!

#16 Uga_Sumaku

Nashangaa mmefika #15 hakuna aliyetaja sumaku. Dunia ina chuma kilichoyeyuka kinachozunguka ndani, kinazalisha uga wa sumaku unaotukinga na upepo wa Jua, yaani chembe zenye umeme zinazomiminika kutoka Jua. Mwezi hauna uga kama huo leo. Baadhi ya mawe ya Apollo yanaonyesha uliwahi kuwa nao, zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita, kisha ukazimika kwa sababu gimba dogo linapoa haraka. Kinga ilipoondoka, upepo wa Jua ukasafisha kila kitu.

#17 pingamizi_halali

Zuhura haina uga wa sumaku wa kwake, na hewa yake inakandamiza mara 90 ya yetu. Tena iko karibu na Jua kuliko sisi. Sumaku inasaidia, lakini si kufuli.

#18 Uga_Sumaku

Zuhura ina uzito wa zaidi ya asilimia 80 ya Dunia, inaweza kumudu hasara. Maskini na tajiri wakiibiwa kiasi kilekile hawaumii sawa. Nabaki na hoja yangu.

#19 mama_eksirei

Niongezee hapo kwenye mionzi maana ndiyo kazi yangu. Nafanya kazi chumba cha eksirei, kifuani navaa kipimo kila siku. Kikomo tunachofuata watu wa kazi hii ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Chombo cha China, Chang'e 4, kilipima mionzi kwenye uso wa Mwezi, na matokeo yaliyotoka 2020 yalikuwa karibu milisiveti 1.37 kwa siku. Nilipoyasoma nilichukua kalamu nikagawanya. Kikomo changu cha mwaka mzima kingekwisha ndani ya siku 15. Yaani ningefika asubuhi ya Mwezini, na kabla Jua halijatua mara moja ningekuwa nimemaliza.

Na dhoruba ya Jua ikitokea, hesabu hiyo inakuwa mbaya zaidi. Huku hewa nzima iliyo juu yetu inatukinga, pamoja na sumaku. Tumezoea mpaka hatujui kama tumevaa.

#20 HesabuSafi

Mama, heshima kwako, hesabu ni sahihi. Ila hilo linatuua sisi binadamu. Kuna bakteria, *Deinococcus radiodurans*, anastahimili mionzi mara elfu ya ile inayomuua mtu. Na mita chache za udongo zinatosha kukinga. Kwa hiyo mionzi peke yake haielezi kwa nini hakuna hata kijidudu.

#21 shamba_darasa

Mimi ni mtu wa mimea, na naona wote mnaangalia juu, hakuna anayeangalia udongo.

Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Florida walitoa matokeo ya kupanda mmea mdogo uitwao *Arabidopsis* kwenye udongo halisi wa Apollo 11, 12 na 17. Kila mmea ulipewa gramu moja tu. Mbegu ziliota! Lakini baada ya siku chache zikaanza kudumaa, mizizi mifupi, majani mengine yakawa na rangi ya zambarau. Walipochunguza jeni zake wakakuta mmea unajihami kana kwamba umepandwa kwenye chumvi na metali. Udongo wa Apollo 11, ulioanikwa juu muda mrefu zaidi, ndio ulioitesa mimea kuliko mingine.

Na hapo walimwagilia maji yenye virutubisho. Kwa sababu kile tunachokiita udongo wa Mwezini si udongo, ni mawe yaliyosagwa na vimondo. Oksijeni imo tele, zaidi ya asilimia 40 ya uzito, lakini imefungwa ndani ya madini. Kaboni na nitrojeni ni kama sehemu mia moja tu kwa kila milioni, na nyingi zililetwa na upepo wa Jua. Mimi nimeona mmea uliokosa nitrojeni, unavyogeuka njano kuanzia majani ya chini. Ukiniuliza Mwezi umekosa nini kwanza, nitasema nitrojeni kabla sijasema maji. Maji angalau yapo kwenye ncha.

#22 kimya_kingi

Sikujua kama kuna mmea umeota kwenye udongo ule. Ahsante #21.

#23 BiMwanga

Kuna mwingine uliota Mwezini kwenyewe, kimya_kingi. Chang'e 4 ilipotua upande wa mbali tarehe 3 Januari 2019 ilikuwa na kopo dogo lililofungwa, ndani mna hewa, maji, udongo wa Duniani na mbegu kadhaa. Mbegu ya pamba ikachipua. Kisha usiku wa Mwezini ukaingia, kopo halikuwa na umeme wa kulipasha joto, na pamba ikafa kwa baridi. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa njia ya kuvuka usiku ule.

Picha ya lile chipukizi huwa naitazama mara kwa mara.

#24 SaaNgapi

Basi chanzo ni usiku mrefu! Mwezi unajizungusha polepole mno. Saa 24 zingekuwa zake, baridi isingefika huko.

#25 pingamizi_halali

Siku ya Zuhura ni ndefu kuliko ya Mwezi na joto lake ni lilelile usiku na mchana, kwa sababu hewa yake nzito inalisambaza. Usiku mrefu unaua pale tu ambapo hakuna blanketi. Tunarudi kwenye hewa.

#26 SaaNgapi

Wewe jina lako umelipatia kweli. Nimekubali.

#27 Mpita_Njia77

Niliwahi kusoma kwamba walikuta bakteria hai kwenye kamera iliyoachwa Mwezini. Kama ni kweli, mada nzima inaanguka.

#28 jiwe_la_kale

Hiyo ni kamera ya Surveyor 3. Chombo kilitua Aprili 1967, wanaanga wa Apollo 12 wakaifuata Novemba 1969 na kuirudisha. Walipoichunguza wakapata bakteria wa aina inayoishi mdomoni mwa binadamu, *Streptococcus mitis*, na ikasemwa kwamba aliishi miaka miwili na nusu kule. Baadaye watafiti walirudia kutazama kumbukumbu za kazi ile, wakaona mavazi na taratibu za maabara zilikuwa na mianya, na kwamba huenda bakteria aliingia hapahapa Duniani. Mimi naamini hivyo.

Na hata kama aliishi, kulala usingizi bila kula wala kuzaana si kuishi mahali. Ni kusubiri.

Mnajua wale wa Apollo 11 waliporudi walitengwa na watu siku 21, kwa hofu ya vijidudu vya Mwezini? Utaratibu huo uliachwa baada ya Apollo 14. Mawe yalishajibu.

#29 NyotaKumi

Kwa hiyo kila mahali, kila zama, jibu ni hapana?

#30 BiMwanga

Si lazima, na hapa namrudia jiwe_la_kale na #4 yake ya "ulizaliwa mkavu". Mwaka 2008 shanga ndogo za kioo cha volkano zilizoletwa na Apollo zilichunguzwa upya, zikakutwa na maji ndani. Kidogo, lakini yapo. Maana yake tumbo la Mwezi halikuwa kavu kama ilivyodhaniwa.

Kisha 2017 Debra Needham na David Kring walipiga hesabu ya gesi zilizotoka wakati lava ilipokuwa inajaza yale mabonde meusi tunayoyaita bahari, karibu miaka bilioni 3.5 iliyopita. Wakapata kwamba Mwezi ungeweza kuwa na angahewa nyembamba iliyozidi ya Mirihi ya leo, na ingechukua kama miaka milioni 70 kupotea. Mwaka uliofuata Dirk Schulze-Makuch na Ian Crawford wakasema huenda palikuwa na kipindi ambacho maji yangeweza kukaa juu ya uso wake.

#31 jiwe_la_kale

Nakubali shanga zipo. Nimewahi kusema "mkavu", niseme "mkavu sana". Lakini angahewa ile ni hesabu ya kwenye karatasi, na inategemea lava ilitoka kwa haraka kiasi gani. Ikiwa ilitoka kidogo kidogo kwa vipindi vyenye mapumziko marefu, gesi ya mlipuko mmoja ilikwisha kabla ya mwingine kuja.

#32 HesabuSafi

Na ona, hata kwa hesabu hiyo ya matumaini, hewa iliondoka. Iwe ulizaliwa na mali au bila mali, usingeitunza. Nashikilia #3, pamoja na marekebisho ya #13.

#33 Uga_Sumaku

Na iliondoka kipindi kilekile sumaku ilipokuwa inadhoofika. Mnaliruka hilo.

#34 fundi_pampu

Mimi nina la upande. Kuna mashimo ya wima yanayoshuka kwenye mapango ya lava. La Bahari ya Utulivu, vipimo vya setilaiti vilivyotangazwa 2022 vinaonyesha sehemu zake zenye kivuli zinakaa karibu nyuzi 17, mchana na usiku. Nyuzi 17! Mionzi imekingwa na mwamba, baridi haipo, joto kali halipo. Na bado glasi yangu ya maji ingechemka mle ndani na kuganda kama ndani ya tangi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba kila kitu kimekaa sawa isipokuwa kilicho juu ya maji.

#35 shamba_darasa

Na nitrojeni.

#36 fundi_pampu

Na nitrojeni, mwalimu, sijakusahau.

#37 NyotaKumi

Wakuu, ahsanteni. Nimehesabu sababu tano na kila moja ina mwenyewe anayeilinda. Sasa nauliza tena, shamba_darasa amenichokonoa: sisi hii nitrojeni yetu, asilimia 78 ya hewa yote, ililetwa na nini, na mbona Theia alipotugonga haikuondoka nayo?

#38 jiwe_la_kale

Hiyo fungulia uzi wake. Nitakuwa wa kwanza kufika.

#39 pingamizi_halali

Wa pili.